Sikio la Injini na Waya wa Msikitini

Nyie vijana wa gereji mmeniambia nikae niandike, kwa kuwa mikono yangu sasa imepumzika na nyie mnasema kichwa bado kinafanya kazi. Haya. Lakini nawaonya mapema, hapa hamtasoma nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa shilingi ngapi. Mambo hayo hayajawahi kuwasha gari. Nitaandika kazi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe muendelee.

Gereji niliingia kwa njia ya maji. Maji yetu ya bomba Dodoma yana chumvi, mnayajua, ukichemsha chai sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ukiyatia kwenye betri umeiua. Na miaka ile ya uhaba, maji safi ya betri hayakuonekana dukani, kama ambavyo sabuni haikuonekana. Mimi nilikuwa mjane wa Nkuhungu mwenye nyumba ya bati, na kila kifuku, majira ya mvua, nilikinga maji ya paa kwenye mitungi nikaifunika vitambaa. Habari ya betri sikuwa nayo. Nilichotaka ni maharage yangu yaive mapema.

Siku moja akabisha hodi mzee wa mjini, kofia ya kufuma kichwani, vidole vimebabuka kwa tindikali. Nikamwamkia, akaitika, akasema anaitwa Idi, fundi umeme wa magari, na ameelekezwa kwamba nina maji ya mvua. Kabla sijamjibu akaniuliza kama ni ya mvua ya kwanza au ya baadaye. Nikamwambia ya kwanza niliyamwaga, yale ni ya kuoshea bati, yana vumbi na mavi ya ndege. Akataka kujua nani alinifundisha. Nikamwambia ni vumbi lenyewe. Alicheka, akajaza dumu lake, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi kuniuliza kama nitapenda kusimamia chumba cha betri pale gereji. Hakukuwa na barua wala usaili. Mnaokuja na bahasha za vyeti mnisamehe.

Siku ya kwanza niliharibu khanga mpya. Tindikali haina haraka. Inakurukia asubuhi na hujui, jioni unaikunjua khanga unaona matundu kama chekeche. Mzee Idi alinikatia aproni kwenye tyubu ya lori na akanifundisha kwamba tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye tindikali. Alinitaka niseme mara kumi, mimi mama mwenye watoto watatu, huku mafundi wakisikiliza. Nikasema mara kumi. Uso wangu hauna kovu mpaka leo, na wapo waliosema mara mbili tu wakaona inatosha.

Tulikuwa wachache. Mwenye gereji alikuwa Bwana Lameck, mtu wa kalamu sikioni, asiyependa kuona gari limelala uani kwake siku tatu. Injini zilikuwa za Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wangu. Siku niliyoingia aliwauliza wenzake tangu lini Wagogo wamekuja gereji bila kuomba kitu. Nikamjibu kwamba babu zake walipita nchini kwetu na mizigo ya watu vichwani, wakatuomba maji, na naona mpaka leo bado wanabeba vyuma vya watu na maji bado wanakunywa ya kwangu. Tukaelewana tangu siku hiyo. Umeme ulikuwa wa Mzee Idi, na mimi nilikuwa mama betri. Nililiitikia jina hilo miaka mingi.

Kutoka kwenye betri nilisogea taratibu kwenye taa, kutoka taa kwenye dinamo na stata. Mzee Idi alifundisha kwa kunyamaza. Alikuwa na mita ya mshale, kioo kimepasuka pembeni, mwili umefungwa utepe wa tyubu, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla hajasema anategemea mshale uende wapi. Ukisema hujui, anakutuma ukafikiri. Alikuwa akisema kupima bila kutegemea kitu ni sawa na kutazama saa ya mtu mwingine.

Jambo jingine alilonifundisha lazima niliandike, kwa sababu ndilo lililotuponza. Miaka ya uhaba hatukuwa na waya. Tulikuwa tunachuna nyaya kwenye magari yaliyokufa, kwenye pasi mbovu, kwenye redio zilizoanguka. Waya wa taa ya kitandani uliwasha lori la mkaa, na lori likaenda Singida likarudi. Tulijivunia. Mteja akiuliza kama waya huo ni wa gari lake, Mzee Idi alimjibu kwa upole, "Waya ni waya, mwanangu. Umeme hausomi jina." Na ilikuwa kweli, kwa magari yale.

Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa, na barabarani yakaanza kuingia magari ya mitumba kutoka Japani, mengine bado yana stika za maandishi yao kwenye vioo. Tukafungua boneti tukakuta nyaya nyingi kuliko nywele, zote zinaelekea kwenye kisanduku kimoja kilichofichwa ndani karibu na miguu ya abiria. Maganga akayaita magari yanayoendeshwa na redio. Mafundi wengi waliyakimbia. Mzee Idi, na umri ule, hakukimbia. Alipata karatasi za kurudufu za Kiingereza, mwalimu mmoja wa sekondari akatusomea kwa Kiswahili, nasi tukamtengenezea taa za pikipiki yake. Humo tulijifunza kuliuliza gari lenyewe linaumwa wapi. Unachomeka kipande cha waya kati ya matundu mawili ya kidude kilichoko chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ndogo ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Unahesabu. Kuhesabu kulikuwa kwangu. Mimi nimepiga ngoma ya muheme tangu sijaota ziwa, na mpiga muheme hapotezi hesabu kwa sababu ya kelele za watu.

Sasa nije kwenye gari la Haji Omari.

Haji Omari alikuwa mfanyabiashara wa alizeti na ufuta kutoka Kondoa. Kila akija Dodoma mjini alisali msikiti mmoja na Mzee Idi, na walikuwa wamefahamiana tangu ujana. Alinunua gari dogo la mitumba la kubebea mzigo, zuri, jeupe. Likakaa ghalani kwake wiki mbili likiwa na magunia ya alizeti, panya wakaingia. Wakamaliza alizeti ya juu wakaonja na nyaya. Alipolileta kwetu taa ya injini ilikuwa inawaka, na gari halina nguvu. Tukaliuliza, likakonyeza mara tano, likapumzika, likakonyeza mara mbili. Kwenye karatasi zetu, tano na mbili ilikuwa ni sikio.

Sikio ndilo jina tulilolipa sisi. Nyie mnaita sensa ya noki, haya. Ni kidude kama nati nene, kimefungwa ubavuni kwenye mwili wa injini, chini kabisa ambako mkono haupendi kufika. Mafuta yakiungua vibaya ndani, injini hugonga, mlio kama kokoto kwenye debe. Kidude hicho kinasikia kugonga huko kabla yako, kinapeleka umeme mdogo sana kwenye kompyuta, na kompyuta inachelewesha cheche ya plagi ili injini isijiumize. Kikikatika, kompyuta inaogopa, inachelewesha cheche wakati wote. Injini inakuwa salama lakini mvivu.

Mzee Idi aliingia chini mwenyewe. Alikuta waya wa sikio umegugunwa na panya karibu wote. Akautoa, akaweka mwingine, taa ikazimika. Haji Omari akaondoka anatubariki. Baada ya siku nne akarudi. Taa ilikuwa haiwaki, lakini gari lilikuwa mvivu vilevile, na vilimani huko Kondoa lilipitwa na punda. Mzee Idi akakagua, akakaza, akalipuliza vumbi, likaondoka. Likarudi tena, na safari hii Haji Omari hakutubariki.

Ilikuwa Jumatatu. Bwana Lameck alitoka ofisini na kalamu yake akasimama mbele yetu wote, mteja akiwepo. Akasema ziko njia mbili za kuzima taa ya injini. Moja ni kutengeneza gari. Nyingine ni ile ya wajanja, kuikata taa yenyewe kwa nyuma na kuiunganisha na taa ya oili, ziwake pamoja na zizimike pamoja, mteja aone kila kitu ni salama. Hakusema Mzee Idi amefanya hivyo. Alimtazama tu.

Haji Omari ndiye aliyeuliza. "Idi, tumesali safu moja miaka yote hii. Niambie kweli, uliikata taa?"

"Sikuikata," Mzee Idi alisema.

Nikaenda mimi kwenye dashibodi, nikafungua skrubu mbele yao, nikaonyesha waya wa taa mzima, haujaguswa. Nilidhani nimemwokoa. Bwana Lameck akasema vizuri, basi kama si ujanja, ni kutokujua. Taa haiwaki, maana yake umeme hauna kosa, kosa ni injini, na injini ni ya Maganga. Ijumaa Maganga ataifumua. Na kama ni injini, basi Mzee amemrudisha mteja barabarani mara mbili na gari bovu, na kazi ya umeme itapewa kijana mwenye cheti ambaye ameshapatikana Dar es Salaam.

Hapo nyie hamtaelewa mpaka niwaambie kitu kimoja. Injini ikifumuliwa enzi zile, vipuri vya magari hayo Dodoma havikuwepo. Uani kwetu kulikuwa na injini tatu zilizofumuliwa, na moja ilikuwa imeota nyasi katikati ya pistoni. Kwa hiyo Ijumaa ile Haji Omari angekosa gari, na Mzee Idi angetoka na sanduku lake la spana akiwa na jina la fundi aliyemdanganya mtu wa safu yake. Mjini kwetu pale jina la namna hiyo linakutangulia hata kwenye mazishi.

Nilimwomba Bwana Lameck anipe gari mpaka Alhamisi jioni. Aliniuliza kwa cheti gani. Nikamwambia kwa sababu hata Maganga hawezi kulifumua kabla ya Ijumaa, kwa hiyo linakaa bure. Akaona ni kweli.

Mzee Idi alikuwa ametumwa njia ya Singida kwenye lori la mtu lililokufa huko, siku mbili. Nadhani Bwana Lameck alimtuma makusudi. Nikabaki peke yangu na gari, na mita ya mshale aliyoniachia bila kusema kitu. Maganga alikuja kutazama, mikono kiunoni, akaniambia nisilichokoze sana, nimwachie na yeye kidogo.

Nilianza kwa masikio yangu. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa injini na mpini sikioni, nikamwambia Maganga apandishe mafuta. Kama injini inagonga kweli, utasikia. Nilisikia valvu, nikasikia mnyororo, nikasikia pampu ya maji inayoanza kuchoka. Sikusikia kokoto. Nikampa Maganga asikilize, maana yeye injini anazijua kuliko mimi. Alisikiliza muda mrefu. Akakiri, kwa shingo upande, kwamba injini haina neno.

Basi nikachukua taa ya taimingi, ile inayomulika puli na kuonyesha alama inasimama wapi. Injini ikiwa taratibu, alama ilikaa mahali pake. Ukipandisha mafuta alama inatakiwa isogee mbele, cheche ziwahi. Ilisogea kidogo, kisha ikarudi nyuma, ikawa inatetema, inarudi, inatetema. Nikachukua spana ndogo nikagonga mwili wa injini karibu na sikio, ko ko ko. Alama ikarudi nyuma zaidi. Maana yake sikio ni zima, linasikia. Nikaacha kugonga. Alama ikaendelea kurudi nyuma kana kwamba bado kuna mtu anagonga.

Nilizima gari nikakaa juu ya tairi. Wajukuu zangu wa kazi, hapo ndipo fundi anapopatikana au anapopotea. Injini haigongi. Sikio zima. Kompyuta inasikia kugonga. Basi kati ya sikio na kompyuta kuna kitu kinachosema uongo, na kati ya hivyo viwili hakuna kitu ila waya.

Sikutaka kuushika waya huo kwa mkono gari likiwaka, kwa sababu ulipita ukilaliana na nyaya za plagi, na nyaya za plagi zina umeme unaoweza kukurusha. Niliwatuma vijana wa pale uani jikoni kwa mama jirani waniazimie mwiko. Maganga alipouona alitangaza uani kote kwamba Mgogo ameleta mwiko, sasa anasubiri unga. Nikamwambia akanyage mafuta anyamaze. Nikauingiza mwiko, nikaunyanyua waya wa sikio ukaachana na nyaya za plagi kama shubiri moja. Nikamulika. Alama ikasogea mbele, ikatulia. Injini ikabadilisha sauti, ikawa kama mtu aliyetua ndoo. Nikaushusha waya. Alama ikarudi nyuma, ikaanza kutetema. Nikaunyanyua. Ikatulia. Maganga aliacha utani. Nilifanya mara nane, mpaka mkono ukaniuma.

Kosa nilikuwa nimelipata, na furaha ikanitoka hapohapo, kwa sababu niliutazama waya ule vizuri. Ulikuwa waya mweupe wa taa ya kitandani.

Waya wa sikio unaotoka kiwandani siyo waya mtupu. Ndani una uzi mmoja, na nje umevikwa wavu wa nyuzi nyembamba kama soksi. Panya walikuwa wameula na soksi yake. Umeme wa sikio ni mdogo kama mnong'ono, na nyaya za plagi pembeni zinapiga kelele. Bila soksi, waya wa mnong'ono unaokota kelele za jirani, na kompyuta inadhani injini inagonga. Mzee Idi alifanya alivyofanya miaka yote na akawa sahihi miaka yote. Umeme hausomi jina. Lakini huu ulikuwa unasoma.

Kumwambia Bwana Lameck ilikuwa rahisi. Ningeokoa gari saa hiyohiyo, na Mzee Idi angeondoka hata kabla ya Ijumaa, safari hii kwa ushahidi wangu. Maganga alijua ninachofikiria. Akaniambia yeye hajaona kitu, yeye alikuwa anakanyaga mafuta. Nikafunga boneti. Mtani ni mtani.

Mzee Idi alirudi Alhamisi asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwamkia, nikamtilia chai, nikamwacha anywe nusu kikombe. Sikuwa nimelala nikitafuta maneno, maana mtu aliyekufundisha kazi humfundishi kazi mbele ya chai yake. Mwishoni niliamua kumuuliza kitu anachokijua kuliko mtu yeyote mjini. Kile kipaza sauti cha msikitini kwao kilikuwa mkononi mwake tangu siku kiliponunuliwa.

"Mzee," nikasema, "ule waya wa kipaza sauti, unaotoka kwa muadhini kwenda kwenye mashine, ukikatika ungeuunga kwa waya wa taa?"

"Hata kidogo. Utanguruma mtaa mzima. Ule una vazi lake, lile vazi ndilo linalozuia..."

Akaacha. Kikombe kikabaki hewani. Alinitazama mimi, akatazama gari jeupe, akanitazama tena. Niliinamisha macho nikakoroga chai yangu ambayo haikuwa na sukari.

"Sechelela," alisema, na hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo, "tangu lini unajua?"

"Jana, Mzee."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia mwiko."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha hakucheka tena. Alimaliza chai, akaenda msikitini, akarudi na kipande cha waya wa kipaza sauti kama pima moja, akiba yake mwenyewe. Tukafanya kazi wawili. Aliniambia yeye hatashika, atashikilia taa. Nilisafisha sikio na mahali linapokaa mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu linapata ardhi kupitia mwili wake, na mkilizungushia utepe wa bomba kwenye nyuzi za skrubu yake mnaliziba mdomo. Nikalikaza kwa kiasi, siyo kama nati ya gurudumu. Niliunga uzi wa ndani kwa risasi ya kuyeyusha, nikauvika. Vazi tukalifunga ardhini upande wa kompyuta peke yake. Hilo alinifundisha yeye siku ile, kwamba ukilifunga pande zote mbili linaweza kuleta ngurumo yake lenyewe, aliligundua msikitini baada ya kuwaudhi waumini mwezi mzima. Tukauchomeka waya kwenye ala ya kuzuia moto, tukaupitisha mbali na nyaya za plagi na mbali na bomba la moshi.

Nikawasha. Nikamulika. Maganga akapandisha mafuta, alama ikapanda nayo, laini, haitetemi. Nikagonga kwa spana, ikarudi nyuma. Nikaacha, ikapanda. Sikio lilikuwa linasikia kinachogonga na linanyamaza pasipogonga. Nimezaa watoto watatu na kila mmoja nilimshukuru Mungu, na sitawaficha, alama ile kwenye puli nayo nilimshukuru.

Ijumaa asubuhi Haji Omari alikuja amenuna. Bwana Lameck akatuambia tulipakie gari magunia sita ya mchanga, tulipandishe mwinuko wa Chimwaga. Enzi hizo huko ni vichaka na mawe, bado vyuo havijajaa. Haji aliendesha mwenyewe, Bwana Lameck pembeni, Mzee Idi na mimi nyuma juu ya mchanga. Kwenye mwinuko alikuwa tayari ameshika gia apunguze, mkono umezoea shida. Gari halikuomba. Likapanda na gia ileile, mchanga ule wote na sisi juu yake, mpaka kileleni. Haji Omari alilisimamisha, akaligeuza, akashuka, akapanda mara ya pili. Mara ya tatu alipanda anaimba kaswida.

Tuliporudi uani Bwana Lameck alimpa Mzee Idi mkono mbele ya mafundi wote, akasema basi, Mzee, heshima yako imerudi, kijana wa Dar es Salaam atajulishwa abaki kwao. Angeishia hapo ingetosha. Hakuna mtu angejua. Mimi na Maganga tulishakubaliana.

Mzee Idi hakuachia ule mkono. "Gari hili lilikuwa bovu kwa panya siku moja tu," alisema. "Siku zilizobaki lilikuwa bovu kwa waya wangu. Niliweka waya wa taa pasipowekwa. Aliyeliona ni Sechelela, aliyelitengeneza ni Sechelela. Ukitaka kuniondoa, niondoe sasa kwa kosa la kweli."

Bwana Lameck alitoa kalamu sikioni, akairudisha. Haji Omari ndiye aliyesogea, akamshika Mzee Idi begani, akasema mtu wa kumwondoa fundi anayesema hivyo amtafutie yeye kwanza mwingine wa namna hiyo, Kondoa nzima hawapo. Kisha akaja kwangu akaniomba radhi, kwa sababu siku zote alipofika gereji alikuwa akinipita bila salamu akidhani ni mpika chai. Nikamwambia chai pia napika, na ni nzuri.

Mzee Idi alibaki. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na moja, na kuanzia Jumatatu iliyofuata magari ya kompyuta yalikuwa yangu na yeye akawa ananishikia taa kwa hiari yake. Lakini ninachotaka mkihifadhi ni Jumamosi, siku moja baada ya Chimwaga. Alinipitia nyumbani asubuhi na sanduku lake. Alikuwa amekumbuka magari mengine matatu ya mitumba aliyoyaunga kwa waya ule mweupe. Hakuna hata mwenyewe mmoja aliyelalamika. Walidhani gari ndivyo lilivyo. Tukayafuata kwa miguu, moja Chang'ombe, moja Kizota, la tatu nyuma ya soko.

Mwenye lile la tatu, fundi cherehani, alitutazama mlangoni kana kwamba tumekosea nyumba. Akasema gari lake halina ubaya wowote, na hakutuita.

"Fungua boneti, mwanangu," Mzee Idi alimwambia. "Ubaya upo. Niliuweka mimi."